Kuzamia kwenye mkondo nje ya Tanga: mwongozo kwa wazamiaji wazoefu

Miamba mizuri ya Tanga iko pale maji yanapokwenda mbio. Ukitoka kwenye ghuba ya mjini ukavipita visiwa vya Toten, Yambe na Karange, chini ya bahari huanza kuteremka kuelekea mlango wa Pemba, ambao kina chake kinazidi mita 800. Maji yanayoingia na kutoka ghubani hupita kwenye kingo hizo mara nne kila siku, nayo hubeba chakula. Chakula hicho ndicho kinachowavuta kolekole, mizia, chewa na makundi ya changu. Mwamba ulio kwenye maji yaliyotulia una uzuri wake, lakini anayetaka samaki wakubwa ataufuata mkondo tu.

Mwongozo huu si wa anayeanza. Ni wako ikiwa unaweza kuelea mita tano chini ya uso wa bahari, katikati ya maji matupu, bila kamba wala mwamba wa kushika, ukakaa hapo dakika tatu bila kupanda wala kushuka. Ni wako pia ikiwa unaweza kulirusha boya la ishara ukiwa chini bila boya hilo kukuvuta juu. Kama mambo hayo mawili bado yanakusumbua, yafanyie mazoezi kwanza ndani ya ghuba siku maji yamelala. Cheti cha daraja la juu peke yake hakitoshi.

Jambo moja liko juu ya mengine yote: mbizi ya mkondo huamuliwa nchi kavu na ndani ya boti. Ukishazama, nafasi ya kurekebisha makosa ni ndogo. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, upinzani unaoukabili mwili wako huongezeka mara nne. Mkondo wa noti moja (noti ni kipimo cha mwendo baharini), ambao ukiwa botini huonekana mdogo, hukusogeza mita 30 kila dakika, na ni wachache wanaoweza kuogelea dhidi yake kwa zaidi ya dakika chache. Kwa hiyo kazi yako ni kuchagua siku, saa na nahodha, kisha kwenda na maji.

Hatua ya kwanza: soma mwezi kabla ya kusoma kalenda

Wavuvi wa Kigombe na Mwarongo hupanga kazi zao kwa mwezi, na mzamiaji naye afanye hivyo. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Maji mengi kiasi hicho yakitakiwa kupita ndani ya saa sita hivi, lazima yakimbie. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Tofauti hupungua hadi karibu mita moja na mkondo hupoa.

Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na kujaa karibu na saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Huo ni msaada mkubwa kwa mzamiaji, kwa sababu siku zenye mkondo mpole ndizo ambazo maji hujaa asubuhi, jua likiwa limepanda na upepo haujachachamaa.

Ushauri wangu kwa mwamba usioujua ni kuchagua siku mbili kabla au baada ya nusu mwezi, ukazama dakika 40 kabla ya maji kujaa kabisa. Utaanza na mkondo wa mwisho wa kujaa, unaopungua kadiri muda unavyokwenda, na utatoka maji yakiwa yamesimama. Ukishaujua mwamba huo unaweza kusogea pole pole kuelekea siku za bamvua. Epuka saa ya tatu na ya nne tangu maji yalipoanza kujaa au kupwa. Katika saa hizo mbili hupita karibu nusu ya maji yote ya awamu hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua maji ya kujaa. Maji ya kupwa hutoka kwenye mikoko na midomo ya mito, yakiwa na tope na majani. Kwa upande wa mjini kuna mto Zigi, kusini kuna Pangani. Baada ya mvua za masika, mwamba ambao jana ulionekana kwa mita 15 unaweza usionekane kwa mita tatu maji yakianza kutoka. Maji ya kujaa huleta bahari safi kutoka nje.

Hatua ya pili: usimsahau kusi

Kalenda ya maji haijui kila kitu. Nje kabisa, ng'ambo ya Yambe na Karange, upo mkondo mkubwa wa pwani ya Afrika Mashariki unaoelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu. Wakati wa kaskazi hupungua kasi. Ndiyo maana kwenye kingo za nje kalenda inaweza kuonyesha kwamba maji yamejaa na kusimama, lakini ukishuka ukakuta bado yanakwenda. Kujaa ni habari ya kimo cha maji, mkondo ni habari ya mwendo wake, na mambo hayo mawili hayaendi pamoja kwa saa ile ile kila mahali.

Kati ya Juni na Agosti, kusi likivuma, bahari ya nje huwa na mawimbi makubwa na kumpata mzamiaji juu ya maji ni kazi. Mimi huuacha upande wa nje miezi hiyo na kuzamia nyuma ya visiwa. Maleleji, yaani upepo unapotulia kati ya kusi na kaskazi, ya Oktoba na Novemba, na tena Machi kabla mvua hazijashika, ndiyo nyakati ninazozipenda. Joto la maji Machi hufika nyuzi 29 au zaidi, na katikati ya kusi hushuka hadi karibu 25, hivyo usije na nguo nyembamba Julai kwa kuwa tu hapa ni nchi ya joto.

Hatua ya tatu: kaa na nahodha

Kama nina neno moja la kusisitiza kuliko mengine, ni hili. Kwenye mkondo, nahodha ndiye atakayekuokoa. Kiongozi wa chini ya maji anakuonyesha samaki. Nahodha ndiye anayehakikisha unarudi nyumbani. Mfuate siku moja kabla, msalimie, kaa chini naye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnataka nje?"

"Nje ya Karange, mzee, kesho asubuhi. Maji yatakuwaje?"

"Kesho ni mafu. Lakini leo yamechelewa kusimama. Nyie tokeni mapema, tukafike tuyatazame kwanza."

Maelezo kama hayo hayamo kwenye kalenda yoyote. Ukishamsikiliza, mkubaliane mambo haya, na kila moja alirudie kwa kinywa chake:

- Boti haitii nanga. Injini inabaki tayari muda wote, na boti inayafuata mapovu au boya kwa mbali, upande ambao mkondo unaelekea.
- Saa ya kuzama na saa ya kutoka zinaandikwa. Mkizama saa nne kamili na mkasema dakika 45, basi saa nne na dakika 45 awe anawatafuta kwa macho, na saa tano kasoro dakika tano, kama hajaona boya, aanze msako na kupiga simu.
- Mzamiaji akikaribia ngazi, gia inatolewa. Propela isizunguke karibu na mtu, hata kama mawimbi yanaisukuma boti.
- Watu wanahesabiwa kwa majina kabla ya kuzama na baada ya kupanda.

Mweleze pia umbali. Mkondo wa noti moja na nusu kwa dakika 45 hukupeleka karibu kilomita mbili. Nahodha anayewasubiri pale alipowashushia atakuwa anatazama bahari tupu. Njia nzuri ni kumpa dumu la lita tano lenye maji nusu, lifungwe utepe mwekundu. Wakati mnazama, alitupe baharini. Maji kidogo ndani yake hulifanya lizame nusu, hivyo lifuate mkondo zaidi ya upepo, na mkipotea litamwonyesha maji yanaelekea wapi.

Tazama injini pia, bila aibu. Boti ya kuzamia nje ya visiwa iwe na injini mbili, au injini moja na ya akiba inayowaka kweli. Omba iwashwe ufukweni. Iwepo redio au simu yenye chaji, maji ya kunywa, na mtungi wa oksijeni safi wenye barakoa. Boti isiyo na oksijeni mimi siipandi kwenda nje.

Kuhusu kibali: sehemu kubwa ya bahari hiyo iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009, na kisiwa cha Maziwe mbele ya Pangani ni eneo tengefu. Lipa kiingilio na utembee na risiti. Na kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara: silikanti, samaki wa kale aliyeipa hifadhi jina lake, humwoni. Wavuvi wetu walianza kumpata kwenye majarife miaka ya 2003 na 2004, kwenye maji ya kina kirefu. Asije mtu akakushawishi kushuka kumtafuta kwa mtungi wa hewa ya kawaida.

Hatua ya nne: vifaa

Boya la ishara ni la kila mzamiaji, si la kiongozi peke yake. Liwe la rangi ya machungwa au njano, refu kuliko urefu wa mkono, na mita moja na nusu ni bora. Rili (kigurudumu cha kuzungushia kamba ya boya) iwe na kamba isiyopungua mita 30. Weka firimbi, kioo kidogo cha kumulikia jua na tochi hata mchana. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya redio vinavyotuma mahali ulipo kwa GPS. Kama uwezo unakuruhusu, nunua. Funga mipira yote ya hewa karibu na mwili, kwa sababu geji ya kupimia hewa inayoning'inia hushika matumbawe na kukukokota.

Ndoano za kujishikiza kwenye mwamba sizipendi huku. Miamba mingi ya Tanga iliumizwa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi na sasa ndiyo inarudi. Tumbawe changa halistahimili uzito wa mtu anayevutwa na maji. Ukilazimika kushika, tafuta jiwe lililokufa na ulishike kwa vidole viwili.

Hatua ya tano: piga hesabu ya hewa

Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu, hivyo atatumia lita 60. Mtungi wa lita 12 wenye shinikizo la baa 200 una lita 2,400. Toa akiba ya baa 50, yaani lita 600, zinabaki lita 1,800. Hiyo ni nusu saa. Sasa mtu huyo huyo akianza kupambana na mkondo, pumzi huongezeka mara mbili, na ile nusu saa huwa dakika 15.

Hesabu hiyo huisha vibaya kwa wanaotaka kurudi nyuma kumpiga picha kasa waliyempita. Akipita, amepita. Kundi liwe la watu wanne na kiongozi, wenye pumzi zinazokaribiana. Wa kwanza kufika baa 80 akionyesha ishara, wote wanaanza kupanda. Kwenye mkondo kundi haligawanyiki.

Hewa ya naitroksi, yaani iliyoongezwa oksijeni hadi asilimia 32, husaidia kama mnazamia mara mbili, lakini usipite mita 33 nayo.

Hatua ya sita: tazama maji, kisha zama

Mkifika, msiruke. Boti izime mwendo, nahodha aiachie ielee dakika tano, na mtazame. Mstari wa povu na mwani unaelekea wapi? Kama kuna boya la dema (mtego wa samaki) la mvuvi, limelala upande gani, na kamba yake imekaza kiasi gani? Maji yanayochemka juu bila upepo yanaonyesha kwamba chini kuna mwamba na mkondo unaupanda. Likizama boya la dema kabisa, rudini. Hakuna aibu kurudi. Boti itatoka tena kesho.

Kama mko sawa, nahodha awapeleke upande mkondo unakotoka, mita 50 au zaidi kabla ya mwamba. Hapa mnazama pamoja, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, moja kwa moja hadi mita tano au sita ndipo mkutane. Anayebaki juu kurekebisha miwani atapelekwa na maji huku wenzake wakishuka. Kwa sababu mnashuka bila hewa kwenye jaketi, kabla ya kuruka kila mmoja avute pumzi nne kwenye reguleta (kifaa cha kupumulia) huku akitazama geji. Sindano ikicheza, valvu haijafunguliwa vizuri. Masikio yako yakigoma, toa ishara, na wote wapande.

Hatua ya saba: chini

Kaa karibu na mwamba, nusu mita juu yake. Maji husuguana na mawe na kupungua kasi hapo. Mita tatu juu zaidi yanakwenda mbio. Tazama samaki, maana vichwa vyao huelekea mkondo unakotoka. Wakigeuka ghafla, mkondo umegeuka nao. Wale wadogo wa rangi ya machungwa wanaocheza juu ya matumbawe, wakijificha wote chini kwa pamoja, jua kasi imeongezeka.

Mahali pa kutulia ni nyuma ya jiwe kubwa, upande ambao mkondo haugongi. Ingia hapo, pumzika, hesabu wenzako, soma geji. Lakini mahali pa kuangalia samaki ni kule mbele, kwenye pembe ambapo mkondo unaupiga mwamba na kugawanyika. Hapo ndipo kolekole wanapowinda, na siku nzuri mizia husimama kwa mistari kama askari wa gwaride. Usipite katikati yao. Shikilia upande, acha maji yakupitishe.

Ukitaka kusogea kando, kata mkondo kwa mshazari. Ukiona unapiga mapezi na jiwe lililo mbele yako halisogei, acha. Geuka, nenda na maji, onyesha wenzako.

Hatari inayotakiwa kuheshimiwa zaidi ni mkondo wa kushuka. Hutokea ukingoni, hasa maji ya kupwa yakivuka juu ya mwamba na kumwagikia kilindini. Utaujua kwa mambo matatu: mapovu yako yanashuka badala ya kupanda, masikio yanabana, na namba za kina kwenye kompyuta ya kuzamia ya mkononi zinaongezeka wakati hujashuka. Usikimbilie juu kwa miguu, utamaliza hewa. Kama mwamba uko karibu, ushike na upande kwa mikono, jiwe kwa jiwe. Kama uko mbali, ogelea mlalo kuondoka ukingoni, kwa kuwa mkondo huo huwa mwembamba. Ukizidi kuzama, tia hewa kwenye jaketi kidogo kidogo, mkono mwingine ukiwa tayari kuitoa, maana ukitoka kwenye mkondo huo hewa hiyo itakurusha juu. Hapa ndipo watu huumia mapafu.

Na mkisikia mlipuko wa baruti: siku hizi ni nadra kuliko zamani, lakini haujaisha. Sauti majini huenda zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, hivyo huwezi kujua umetoka upande gani. Msisubiri wa pili. Pandeni kwa utaratibu wote, pamoja na kituo cha usalama (dakika tatu kwenye mita tano), nahodha awatoe eneo hilo, kisha mtoe taarifa kwa hifadhi.

Hatua ya nane: kupanda

Boya lirushwe mkiwa bado kwenye mita 10 au 12. Kamba iwe huru, isizunguke mkono wala kifaa chochote. Nahodha akiliona anajua mko wapi dakika tano kabla hamjatokea. Kisha mita tano, dakika tatu, wote mkiwa duara moja mnaangaliana. Mtaona mwamba unapotea na chini ni bluu tupu. Ni kawaida. Tazama kamba na kompyuta, usitazame chini.

Mwenzako akipotea chini, mtafute kwa dakika moja, huku ukienda na maji, si kinyume. Usipomwona, rusha boya kisha panda juu. Naye atafanya hivyo hivyo kama mlikubaliana.

Ukitokea na boti haionekani, jaza jaketi, simamisha boya, toa mkanda wa uzito wa risasi tu kama huelei vizuri. Msiogelee kuelekea ufukweni mkiuona; mtachoka na mtatoka kwenye njia ambayo nahodha anatafuta. Shikaneni, elekezeni kioo kwenye ngalawa yoyote mnayoiona. Wavuvi wa huku humchukua mtu. Kusini, usiutegemee mchanga wa Maziwe kama mahali pa kusubiria. Kisiwa hicho kilipoteza miti yake yote, na maji yakijaa hufunikwa.

Baada ya mbizi

Kunywa maji mengi, kaa kivulini, jiangalie. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 ni wa kutiliwa maanani hata kama kompyuta haikulalamika. Anza oksijeni mara moja, nenda Hospitali ya Bombo, na sema wazi kwamba umetoka kuzamia, kwa kina gani na muda gani. Tanga mjini hakuna chemba ya shinikizo ya kutibu wazamiaji, kwa hiyo kabla ya safari uwe umeshahakikisha kwa simu ni ipi ya karibu inayofanya kazi na utafikaje bila kupanda juu angani.

Kuruka kwa ndege, subiri saa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja. Wengi wanalijua hilo, ila wanasahau milima. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Arusha vilevile. Mtu anayetoka majini saa saba mchana na kupanda basi la jioni kuelekea huko anafanya jambo lile lile ambalo angekatazwa kulifanya kwa ndege, na hata Amani inatosha kumletea shida. Lala Tanga. Basi utalipanda kesho yake.